Mzee Kompyuta na Pembe za Mafaili

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha mafaili ya wagonjwa, mzee wetu Kompyuta anastaafu tarehe 30 Juni. Umri wa kustaafu hajafikisha. Sababu ni sisi, na nimeomba kuandika wasifu huu mwenyewe ili jambo hilo lisipakwe rangi.

Jina la Kompyuta alipewa na manesi. Ukimtajia namba, alikwenda kwenye rafu huku akikutania kuhusu timu yako iliyofungwa jana, akapapasa mara mbili, faili hilo hapo. Hata kulitazama hakulitazama. Shati limenyooka, viatu vinang'aa, mzaha haumwishi mdomoni.

Mimi nilimwita Bwana Maringo. Tukikutana barabarani alinipita bila salamu, nami nikamnunia miaka minne mizima. Alipoanguka ngazini akavunjika jino, alidai palikuwa na maji. Nikawaambia wenzangu kwamba anatembea pua juu ndiyo maana. Najionea aibu hadi leo.

Mwezi wa tatu, akiwa likizo, tuliamua kumfurahisha. Tukapaka chumba rangi, tukahamishia karatasi zote kwenye majalada mapya, tukapanga rafu upya na kubandika lebo safi. Yale majalada machakavu tukayachoma. Jumatatu tukajipanga mlangoni kumpigia makofi. Aliingia akicheka, akanyoosha mkono kwenye rafu ya kwanza, akapapasa. Akapapasa tena. Akaenda rafu ya pili, ya tatu, huku makofi yakituishia mikononi. Kisha akaketi sakafuni akalia kama mtu aliyefiwa.

Ndipo tukajua. Macho yake yalianza kufifia miaka kumi na moja iliyopita. Alipoona hali inazidi, alikata pembe za majalada yote kwa mkasi, moja baada ya jingine, kwa mpangilio alioujua yeye peke yake. Kazi ya miaka, na sisi tuliiteketeza kwa siku tano tukiimba. Mashati alinyooshewa na dada yake, aliyemsindikiza pia hadi getini kila asubuhi, nasi tukidhani ni mapenzi tu ya ndugu. Hakumwambia mtu. Mkewe alishafariki, na binti yake wa mwisho amebakiza miaka miwili chuoni. Miaka hiyo miwili tu ndiyo aliyoitaka. Jopo la madaktari lilimpima, likamwachisha kazi.

Mzee wetu, samahani haitoshi, nasi hatuna kubwa zaidi ya hiyo. Asante kwa kila mgonjwa aliyetibiwa kwa wakati kwa sababu faili lake lilipatikana. Tunakutakia maisha mema, na siku ambazo hutalazimika kujikaza mbele ya mtu yeyote.

Karatasi za ratiba ya hafla ya kukuaga zitakuwa mezani, zote zimefanana. Yako nimeikata pembe ya juu, uitambue bila kumuuliza mtu.