Mwalimu Erlinda Dumlao Tabios, Aliyewafundisha Wageni wa Kodiak Kuandika (1951–2024)

Mwalimu Erlinda Dumlao Tabios alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 mjini Batac, Ilocos Norte, nchini Ufilipino, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Eusebio Dumlao na Bi. Consolacion Dumlao. Wakati huo baba yetu alikuwa akija Alaska kila kiangazi kufanya kazi katika viwanda vya samaki, akikaa nyumbani kidogo sana, kiasi kwamba binti yake alimwamkia kama mgeni mpaka alipofikisha miaka minne. Mwaka 1963 baba aliihamishia familia nzima hapa kisiwani Kodiak. Sisi wadogo zake tuliozaliwa hapahapa tulimwita Manang, dada mkubwa, nami ninayesoma wasifu huu, Wilfredo, kitinda mimba wao, sitaweza kumwita vinginevyo leo.

Manang alianza shule Batac na kuendelea hapa mjini, akiwa na Kiingereza cha vitabuni ambacho wenzake walikicheka. Ijumaa Kuu ya mwaka 1964, tetemeko na mawimbi yalipoufagia mji, familia yetu ilikuwa miongoni mwa zilizokimbilia mlimani. Waliokuja kugawa misaada walitaka kila nyumba iandike ilichopoteza. Majirani zetu wengi hawakuweza kuandika Kiingereza, kwa hiyo Manang, mtoto wa miaka kumi na mitatu, aliandika kwa niaba yao. Mzee mmoja alianza kumsimulia jinsi mbwa wake alivyolia juu ya paa maji yakimchukua.

"Mzee wangu," alimkatiza, "kwa mbwa hawakupi kitu. Taja kitanda, taja jiko, taja cherehani."

Mzee yule alipata blanketi na jiko, na mama alilisimulia jambo hilo kwa fahari miaka mingi. Manang alilisimulia mara moja tu, mwaka jana, na hakulisimulia kwa fahari.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, akasomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Alaska, Fairbanks, na kuhitimu Mei 1973. Agosti mwaka huohuo alianza kufundisha sekondari hapa Kodiak, katika darasa la watoto wanaojifunza Kiingereza: Wafilipino, Wavietnam, na baadaye Wasalvador na Wasamoa, wengi wao watoto wa wafanyakazi wa viwanda vya samaki. Jumamosi alifundisha wazazi wao. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kuandika. Aliwafundisha aya tano: utangulizi, sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu, hitimisho. Wanafunzi walimpachika jina la Bi. Kwanza-Pili-Tatu, naye alilijua. Alikuwa mkali, na watoto wake walifaulu.

Katika darasa la Jumamosi ndimo alimokutana na Bw. Amador Tabios, fundi wa injini za mashua, ambaye kila alichopewa kuandika alikigeuza kuwa injini. Siku alipoambiwa aeleze mtu anayemheshimu, aliandika kwamba anamheshimu mwalimu wake, lakini mkanda wa injini ya gari la mwalimu unakaribia kukatika. Ulikatika kabla ya Jumamosi iliyofuata, juu ya daraja, mvua ikinyesha, na Bw. Amador ndiye aliyelivuta gari.

"Ulijuaje?" alimwuliza.

"Nimekuwa nikilisikiliza tangu Septemba, Ticha. Nilitafuta tu mahali pa kuandika."

Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1979 katika kanisa Katoliki la hapa, wakajaliwa watoto wawili, Cherry Ann na Darwin.

Jambo ninalolisoma sasa, Manang mwenyewe aliagiza lisomwe. Alisema, "Wilfredo, usiwaambie nilikuwa mwalimu mzuri tangu mwanzo." Nilimpigia simu Bi. Marisela Orantes, aliyekuwa mwanafunzi wake, kumwomba ruhusa ya kumtaja. Akasema, "Taja. Ila jina la kaka yangu ulitaje kamili."

Kaka yake aliitwa Wilmer Antonio Orantes Guardado. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Januari 1998 mashua aliyokuwa akivulia kaa ilizama katika mlango wa bahari wa Shelikof, na mwili wake haukupatikana. Marisela alikuwa na miaka kumi na saba, katika darasa la Manang, akijiandaa kwa mtihani wa mwisho. Aprili walipewa mada: eleza tukio lililobadilisha maisha yako. Marisela, ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kuvuka nusu ukurasa, aliandika kurasa tatu bila kukata aya. Alianza na glavu za kaka yake, zilizobaki juu ya kipasha joto siku aliyoondoka, na mama yao aliyekataza mtu yeyote asiziguse.

Manang aliirudisha insha ile ikiwa nyekundu tupu. Pembeni pa glavu aliandika: Hizi zinahusiana vipi na mada? Na chini: Panga upya. Sababu tatu.

Marisela alisimama na karatasi yake mkononi.

"Ticha," alisema, "kaka yangu hakufa kwa sababu tatu."

Manang alituambia kwamba alilisikia vizuri kabisa neno lile, na bado akajibu, "Mtihani ndio unaotaka hivyo, Marisela. Kaa chini."

Marisela hakukaa. Alitoka, na wiki iliyofuata alikuwa kiwandani, kwenye meza ya minofu.

Manang alimfuata huko mwezi Mei, wakati wa mapumziko. Kina mama wa kwetu waliokuwa kwenye meza ile walimwona wakaanza utani wao. "Ticha, umekuja kutusahihishia samaki?" mmoja alimwambia. "Huyu wangu hana utangulizi, ana mkia tu." Wakacheka. Marisela peke yake hakucheka.

"Nimekuja kukuomba urudi," Manang alimwambia.

"Nikirudi nitaandika unavyotaka?"

"Utaandika ilivyotokea. Mtihani nitakufundisha pembeni."

"Nilishaandika ilivyotokea," Marisela alisema. "Ulikuwa nayo mkononi."

Kengele ikalia, akavaa glavu zake za mpira, akarudi kazini. Manang alirudi mara mbili tena. Mara ya tatu Marisela alimwomba asimfuate, kwa sababu msimamizi alikuwa ameanza kulalamika.

Kuanzia hapo Manang alifundisha namna nyingine. Mwanafunzi alipomletea insha ya kwanza, aliisoma bila kalamu. Aliuliza swali moja: "Halafu ikawaje?" Mtoto akijibu, alimwambia akaandike alichosema sasa hivi. Makosa waliyashughulikia baadaye, machache kwa wakati mmoja. Aya tano alizifundisha wiki za mwisho, na aliwaambia waziwazi kwamba hizo ni za mtihani. Wapo wanafunzi humu ndani, sasa watu wazima, walioandika kwake kwa mara ya kwanza habari za kambi za wakimbizi, za baba aliyebaki kwao, za nyanya aliyewalea. Wapo pia walimu waliomwona amelegea. Mwaka 2003 matokeo yalishuka, akaondolewa darasa la mtihani kwa miaka miwili. Hakubishana.

Mwaka 2016 binti wa Marisela, Yesenia, aliingia darasani kwake. Siku ya wazazi Marisela alikuja akakaa mbele yake kwenye kiti cha wanafunzi. Ilikuwa imepita miaka kumi na minane. Manang alikuwa ameyaandaa maneno yake ya kuomba radhi kwa muda mrefu, akaanza kuyasema, lakini Marisela alimzuia kwa mkono.

"Mfundishe mtihani, Ticha," alisema. "Hayo mengine nitamfundisha mimi."

"Sawa, Bi. Orantes," Manang alijibu.

Kwa miaka mitatu Yesenia aliandika kuhusu sare za shule, taka za plastiki na faida za michezo, kwa mpangilio safi, na hakuandika neno moja kuhusu mtu wa nyumbani kwao. Manang alimpa alama za juu kwa sababu alizistahili. Yesenia alifaulu. Manang alistaafu mwaka huohuo, Mei 2019, na shemeji yangu anasema jioni ya sherehe alikaa garini muda mrefu kabla ya kutaka kuteremka.

Oktoba 2022 alianza kulalamika maumivu ya tumbo, na Desemba madaktari wa Anchorage walibaini saratani ya kongosho. Mara nyingi ndege hazikuruka kwa sababu ya ukungu, akapitwa na siku za matibabu akiwa amekaa uwanjani na mkoba wake mapajani. Kiangazi kilichopita alikuwa bado anakula supu ya samaki ya ukwaju, mchuzi tu bila minofu. Kufikia Krismasi ilikuwa maji tu. Bw. Amador alimhudumia kwa mikono yake mwenyewe, usiku na mchana. Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, asubuhi, mvua ikinyesha, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Marehemu ameacha mume, Bw. Amador, watoto wawili, Cherry Ann wa Seattle na Darwin wa hapa Kodiak, wajukuu watatu, na wadogo zake watatu. Ameacha pia mama yetu, Bi. Consolacion, mwenye miaka tisini na minne, aliyeketi pale mbele. Tumemwambia mara nne. Kila mara analia, na baada ya muda anatuuliza kama Erlinda ameshakula.

Mungu ampokee Manang wetu, na ampe pumziko lenye amani.