Bi Saizi na Kiti cha Muuzaji

Wasikilizaji wapendwa, kama mmekaa, endeleeni kukaa, maana leo habari yenyewe ni ya kukaa. Tunamkumbuka mwanamke aliyezikwa juzi. Wateja wake walimwita Bi Saizi. Alikuwa muuza viatu, na ni mmoja wa watu waliotuletea sheria ya viti.

Kwa vijana wasioijua: sheria hiyo inamtaka mwenye duka amwekee muuzaji kiti, na inamkataza kumfukuza kwa sababu amekaa. Mnacheka? Zamani lilikuwa kosa kweli.

Duka alilofanyia kazi Bi Saizi lilikuwa refu na jembamba, linanukia ngozi mpya na gundi. Viti vilikuwamo, tena vyenye mito myekundu, ila vilikuwa vya wateja. Muuzaji alisimama, akapiga goti kukufunga kamba, akasimama tena. Hata duka likiwa tupu, kukaa mwiko. Na tusimsingizie mwenye duka peke yake, jamani. Sisi wenyewe tulitaka hivyo. Muuzaji akikupokea amekaa, unasema hana adabu, unahamia duka la pili.

Mdogo wake wa kiume, fundi wa mafriji, anazikumbuka jioni za nyumbani. "Dada alikuwa anaingia na viatu mkononi. Miguu imevimba, haiingii kwenye kiatu chochote. Muuza viatu anatembea peku. Tunamtania, anacheka na sisi, halafu anaingia chumbani analia."

Daktari alimwambia wazi: ukiendelea hivi, miguu hiyo itakuishia. Kazi nyingine hakuwa nayo, na alikuwa na binti wa kusomesha peke yake. Basi akaanza kusema. Hakugoma, hakubeba bango. Akishapiga goti mbele ya mteja, anamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe kaa, mama. Mimi siruhusiwi."

Maneno hayo yaliwanyima watu raha. Wa kwanza kunyanyuka alikuwa mwalimu mmoja mstaafu. "Basi na mimi sikai," akasema, akajaribu kiatu amesimama mguu mmoja, ameshika rafu, nusura aangushe maboksi yote. Wakafuata wengine. Ukiingia dukani pale unakuta watu wazima na heshima zao wanarukaruka kwa mguu mmoja, na viti viko vitupu pembeni. Mtindo ukaenea kwenye maduka ya nguo, ya dawa, ya vyombo. Watu wanaingia, wanauliza kwanza, "Huyu mwenzetu anakaa wapi?" Wasipoona kiti, wanatoka.

Mwenye duka akaona biashara inayumba. Badala ya kununua kiti kimoja, akamfukuza Bi Saizi. Unga ukamwagika hivyo.

Lakini jambo lilikuwa limeshamtoka mwenye duka mikononi. Likafika bungeni, ukaandikwa muswada wa sheria ya viti. Kamati ikaita wananchi watoe maoni, na Bi Saizi akaenda, akasema yaliyompata. Mbunge mmoja aliyeupinga muswada ule tangu mwanzo akaomba nafasi. "Nilisema serikali haina kazi ya kuhesabu viti vya watu," alisema. "Leo nyumbani kwangu hakuna anayenunua kitu kwenye duka ambalo muuzaji hana kiti. Mke wangu ananiuliza mimi namwakilisha nani." Ukumbi ukaangua kicheko. Muswada ukapita. Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, sheria haikututangulia. Ilitukuta njiani, tumeshaanza kwenda.

Binti yake, ambaye sasa ni muuguzi, ameniambia jambo ambalo wengi hawalijui. "Mama hakukikalia kiti cha sheria ile hata siku moja. Ilipoanza kutumika, miguu yake ilikuwa imekwisha. Lakini alikuwa ananiambia nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu tupite madukani. Anachungulia. Akimwona muuzaji amekaa, anasema, haya, twende mbele."

Niliposikia hayo niliumia, siwafichi. Kwa binti yake, mdogo wake na ukoo mzima, tunawapa pole kutoka moyoni. Mola ampe mama yetu pumziko alilolikosa kazini. Nasi tuliobaki, kila mmoja amtazame anayemhudumia leo, ajiulize kama hiyo anayoiita adabu si maumivu ya mwenzake.

Maana sheria ile inataja wauzaji. Haitaji walinzi. Mlinzi wa jengo letu amesimama pale mlangoni tangu asubuhi, na kila nikipita namsifu kwa heshima yake. Sasa naweka wimbo, na ni mrefu. Nashuka kumpelekea kiti changu hiki. Salamu zenu nitakuja kuzisoma nimesimama.