Patricie Nyiraneza, Mama wa Kivuguto cha Kamembe

Patricie Nyiraneza alizaliwa tarehe 22 Juni 1970 huko Nkanka, kando ya Ziwa Kivu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Sibomana na marehemu Maman Gasaro. Mimi Muhire, ninayewasomea maneno haya, ni mdogo wake anayemfuata, na familia imeniomba nisiongeze chumvi.

Shule ya msingi aliisoma Nkanka. Mwaka 1984 alivuka mpaka kwenda Bukavu, Kongo, kwa shangazi yetu, akasomea mapishi na lishe. Huko mwalimu aliwafundisha kwamba vijidudu hutafuta chakula, unyevu, joto na muda wa kuzaana. Patricie hakuridhika na kuambiwa tu. Alianika bonge moja la ugali hadi likakauka, la pili akalifunika likiwa na majimaji na kulificha chini ya kitanda. Siku ya sita lile kavu lilikuwa vilevile. La pili lilikuwa limeota manyoya ya kijani, na shangazi alipolivuta kwa ufagio alipiga kelele akidhani ni panya.

Mwaka 1996 alifungua kibanda sokoni Kamembe, akauza kivuguto, yale maziwa mazito ya mgando. Aliyachemsha, akayaacha yapoe hadi joto la mwili, akatia mbegu, yaani kijiko cha mgando wa jana, na kuyafunika blanketi. Alisema kazi yake ni kuwafuga vijidudu wema na kuwanyima wabaya nafasi.

Ndipo seremala mmoja, Cassien Muhigirwa, alipokuja kulalamika kwamba maziwa aliyouziwa yaligeuka machungu kabla ya saa sita. Patricie aliinua bidoni yake, lile dumu lenye mdomo mwembamba, akachungulia ndani.

“Papa, mukono yako inaingiaka humu?”

“Hapana.”

“Basi sabuni nayo haifikake.”

Cassien alirudi kesho yake na sufuria, kisha akaja kila siku, ingawa anakiri hapendi maziwa. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1998.

Jumamosi, tarehe 6 Agosti 2011, kaka yetu mkubwa Ndizeye alimwoza bintiye hapa Gihundwe. Nyama ilipikwa alfajiri, ikafunikwa kwa turubai. Wakwe kutoka Bukavu walichelewa mpakani hadi saa tisa. Patricie alifunua sufuria, akagusa.

“Iko vuguvugu tangu asubuyi. Apa njo bidudu binazaanaka. Hakuna mutu atakula hii.”

“Patricie, unanipatisha haya mbele ya bakwe!” Ndizeye alimkaripia. “Tutachemsha tena.”

“Kuna sumu yenye haiogopake moto, kaka. Umwange.”

Nyama ilimwagwa shimoni. Ndizeye aligeuka akaondoka, na Patricie akalia kidogo nyuma ya jiko. Kisha akajifunga kitenge, akatuma watu wakaleta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na viazi, akakaanga. Wageni walikula saa kumi na mbili, na mpaka leo wanazisifu zile sambaza. Ndizeye hakumsemesha kwa siku nne. Lakini Cassien, ambaye ameniruhusu kulisema hili, alikuwa ameficha sahani moja ya ile nyama. Aliugua siku tatu. Ndizeye alipomwona alivyonyauka, alimletea dada yake kuku na kumwomba msamaha mbele yetu sote.

Mwaka 2023 Patricie alianza kuugua figo. Alitibiwa kwa uvumilivu, akiwatania waliomuuguza. Mwezi huu alishindwa kuinuka, na binti yake Vanessa akatengeneza kivuguto peke yake kwa mara ya kwanza. Jumatatu alimletea mama yake kijiko kimoja. Patricie alionja, akafumba macho, akasema, “Imeshikamana. Sasa iko ya kwako.” Alituaga Alhamisi asubuhi, tarehe 13 Machi 2025, nyumbani kwake Gihundwe.

Ameacha mume, Cassien, watoto wawili, Delphin na Vanessa, wajukuu watatu, na sisi kaka zake, Ndizeye na Muhire.

Dada, umefanya kazi njema. Mungu akupokee, ulale salama.