Yotham Chidawali, Mwalimu wa Notisi, na Mto Bubu

Huyu tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 14 Juni 2024, hapa Mtumba, ni Yotham Malogo Chidawali. Serikali haikuwahi kumwajiri ualimu, lakini kuanzia Kolo mpaka Kibakwe watu walimwita Mwalimu, naye aliitika.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1966 pembezoni mwa bwawa la Bahi, mtoto wa mwisho wa marehemu Mzee Malogo Chidawali na marehemu mama Yunisi. Mwaka ule kifuku, msimu wa mvua, kilikuwa kikubwa. Mto Bubu ulilijaza bwawa mpaka ng'ambo ikapotea, na kambale wakafika majikoni. Mmoja aliingia chunguni kwa miguu yake mwenyewe, na familia haikuona sababu ya kumfukuza mgeni. Anayebisha kwamba kambale hana miguu hakuwepo.

Mwaka 1971, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, familia ililetwa hapa Mtumba. Yotham alikuwa na miaka mitano, na bwawa lilikuwa limejaa tena. Kumbukumbu aliyoondoka nayo Bahi ilikuwa moja tu: maji mengi, yenye chumvi, yasiyo na mwisho. Naomba mliweke hilo akilini, kwa maana ndilo lililomsumbua baadaye.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari mjini Dodoma, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984. Hakuchaguliwa kuendelea. Alirudi nyumbani akalima uwele na karanga na baba yake, na mchana akipumzika aliandika kwa kijiti kwenye vumbi. Baba yake alipita juu ya maandishi hayo na ng'ombe wote, akasema, "Sasa na wao wamesoma."

Mwaka 1987 aliajiriwa na Bwana Hasanali, mwenye duka la vifaa vya shule mjini, kuendesha mashine ya kudurufu. Wanafunzi walileta madaftari yao ili watolewe nakala, na Yotham akawa anayasoma yanapopita mkononi. Aliona jambo. Shule hii haikuwa na mwalimu wa Kemia, ile haikuwa na wa Baiolojia. Daftari moja lina sababu za vita halina matokeo, jingine lina matokeo ya vita ambayo haijulikani ilianzia wapi. Kila mtoto alikuwa na pengo lake, na wote walikuwa wakielekea kwenye mtihani mmoja.

Alimwendea tajiri wake. "Bwana Hasanali, nikiyaunganisha haya nitapata somo zima."

"Wewe fundi mashine au fundi cherehani?" aliuliza Hasanali.

"Yote mawili."

"Haya, shona. Lakini karatasi ikiharibika unakula wewe."

Ndivyo zilivyoanza notisi za Mwalimu Yotham, zenye jalada la kijani. Alianza na Historia na Uraia, zikafuata Jiografia, Baiolojia, Kemia, Fizikia, na mwisho Hisabati, ambayo ilimkondesha. Aliazima madaftari ya shule mbalimbali, akauliza walimu, akalinganisha, akaandika upya kwa mkono wake uliokuwa mzuri kuliko taipu. Hakuna ukurasa uliotoka kabla hajamsomea dada yake mkubwa, Raheli, ambaye hakukanyaga darasa. Dada akisinzia, ukurasa ulichanwa. Dada akiuliza, ukurasa uliongezwa.

"Moyo una vyumba vinne," Yotham alisoma siku moja.

"Nani aliingia akavihesabu?"

"Waliupasua, dada."

"Basi andika kwamba waliupasua. Mtoto atadhani mmebahatisha."

Akaandika. Zilisambaa hizo notisi kama moto kwenye majani ya kiangazi. Mwanafunzi mmoja alinakili, kumi wakanakili kwake, kiranja akaziandika ubaoni, darasa zima likanukuu. Zilizochakaa wauza karanga walizifungia bidhaa zao, na kuna kijana alimaliza mada nzima ya mmeng'enyo wa chakula kwa kula karanga. Mbuzi wa jirani yetu Mzee Mazengo alikula notisi za Historia kidato cha pili, na tangu siku hiyo haingii zizini mpaka atajiwe mwaka. Mzee Mazengo amekaa pale, mwenye shaka amuulize.

Tarehe 12 Septemba 1992 Yotham alifunga ndoa na Anyesi, binti wa hapa hapa Mtumba, katika kanisa letu. Posa aliipeleka kwa mtindo wake: karatasi moja, kichwa cha habari kimepigiwa mstari, chini yake faida sita za kuolewa na Yotham. Anyesi aliisoma mbele ya shangazi zake akamrudishia.

"Mbona hasara hujaandika?"

"Hizo ni zoezi," alijibu. "Utazijaza mwenyewe."

Mama Anyesi amezijaza kwa miaka thelathini na moja na anasema nafasi haikutosha. Mungu aliwajalia watoto watatu: Gerson, Devota na Elisante.

Mwezi Oktoba mwaka 2006 Bwana Hasanali alimchukua Yotham kwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya mpwa wake, Tasneem. Yotham alikuwa na miaka arobaini na hakuwahi kufika pwani. Asubuhi baada ya harusi walikwenda ufukweni. Yotham alisimama, akaonja maji, akatazama kushoto na kulia.

"Hii ni nini?"

"Bahari, bwana. Ulitaka iwe nini?"

"Na ile ya Bahi?"

Bwana Hasanali alicheka mpaka akakaa mchangani na suruali yake ya harusi. Alipoinua macho aliona mwenzake hacheki. Yotham alisema neno moja tu: "Notisi."

Maana katika Jiografia, ukurasa wa mito, alikuwa ameandika kwamba Mto Bubu humwaga maji yake baharini. Aliuona kwa macho yake ukiingia kwenye maji ya chumvi yasiyo na ng'ambo. Kwenye ramani uliishia kwenye rangi ya buluu. Kurasa zote nyingine aliuliza, alilinganisha, alimsomea dada. Ukurasa wa mto wa kwao hakumsomea mtu. Mtu hamuulizi jirani njia ya kwenda nyumbani kwake.

Alipanda basi siku ile ile. Alipofika nyumbani, dada yake Raheli alimsikiliza akapiga mikono.

"Bahari ya Bahi! Kiangazi tulikuwa tunakatiza mle na ng'ombe, tunakwangua chumvi chini. Mto unafika pale, unalala, jua linaunywa. Ungeniuliza."

"Sikudhani kuna cha kuuliza."

Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umekaribia, na watoto wangeingia wakiwa na mto wa Yotham unaokwenda pasipo pake. Akaaga kazini, akafunga baiskeli juu ya basi la Kondoa, mfukoni kalamu nyekundu. Shule kwa shule aliomba ruhusa, akasimama mbele ya darasa na kusema, "Fungueni ukurasa wa mito. Nilikosea mimi, siyo nyinyi." Kisha alipita dawati kwa dawati, akikata neno na kuandika juu yake: Bahi.

Kule Kolo mwanafunzi mmoja alilikumbatia daftari lake. "Mwalimu, mimi nimeshakariri. Ukiutoa huo mto na mengine yatatoka."

"Tutautoa polepole," alisema Yotham. "Mengine nitayashika mimi."

Alikwenda Chemba, akaja Bahi kwenyewe, ambako watoto walimwambia walidhani anatania. Kibakwe akakuweka mwisho kwa sababu ya milima. Kupanda, mnyororo ulikatika. Wanaosimulia wanasema alibeba baiskeli begani, na baiskeli ikabeba notisi, na notisi zikabeba kila kitu kilichobaki. Alifika asubuhi ya mtihani, wanafunzi wameshaingia. Mlinzi akamkatalia, na alikuwa na haki ya kumkatalia. Yotham alikaa kwenye jiwe nje ya uzio mpaka walipotoka, lakini walitoka wakikimbia, na siku chache baadaye wote walikuwa wametawanyika. Darasa lile la Kibakwe la mwaka 2006 halikurekebishwa.

Matoleo yote yaliyofuata yalikuwa sahihi, na ukurasa wa mito alimsomea dada yake mara mbili. Hata hivyo Kibakwe haikumtoka. Miaka iliyofuata wizara zikajengwa hapa Mtumba, na barabara ikajaa vijana wa ofisini waliosomea notisi zake. Walimsimamisha wamshukuru. Yeye aliuliza kwanza, "Ulimalizia wapi? Mwaka gani?" Wengi walidhani ni salamu.

Mwaka 2021 madaktari walimgundua na ugonjwa wa figo. Aliwaeleza mwenyewe kazi za figo kama alivyoziandika, zote, kwa mpangilio, na daktari mmoja akakiri kwamba ndivyo alivyosoma na yeye, kwenye jalada la kijani. Alihudumiwa vizuri katika hospitali moja mjini, na familia inawashukuru wauguzi na madaktari kwa moyo waliouonyesha. Mwezi Mei mwaka huu hali ilibadilika akalazwa.

Wodini alikuwepo muuguzi aitwaye Tumsifu. Siku moja akimpima presha, Yotham alimuuliza ulizo lake.

"Nilimaliza Kibakwe, Mwalimu. Elfu mbili na sita."

Yotham alijiinua kitandani, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa wiki nzima. "Mto Bubu unaishia wapi?"

"Baharini," alijibu Tumsifu bila kusita. "Ulituandikia wewe."

"Hapana, mwanangu. Unaishia Bahi. Haufiki baharini. Nilikosea mimi, siyo wewe."

Tumsifu alicheka kwa upole. "Mwalimu, tulia. Mbona swali lenyewe halikutoka!"

"Sijauliza mtihani. Nimeuliza mto."

Basi Tumsifu alisema, taratibu, kwamba Mto Bubu unaishia Bahi. Akaombwa arudie, akarudia. Mgonjwa alilala, na mama Anyesi anasema ule ulikuwa usingizi wake mzuri kuliko wote tangu alazwe. Tumsifu bado ana simu za wenzake wa darasa lile, na aliahidi kumtafuta kila mmoja. Baadhi yao wamefika leo.

Yotham aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Ameacha mjane, Anyesi, watoto Gerson, Devota na Elisante, wajukuu wanne, dada yake Raheli, rafiki yake wa maisha, Bwana Hasanali, aliyefunga duka leo kwa mara ya kwanza siku isiyo ya sikukuu, na wanafunzi ambao yeye mwenyewe alishindwa kuijua idadi yao.

Aliacha ombi moja, na familia inalitekeleza sasa, kabla ya udongo. Hakutaka hotuba. Aliomba watu waulizwe swali moja, wajibu kwa pamoja, na waliokaa nyuma wasikike. Hasa nyinyi wa Kibakwe.

Mto Bubu unaishia wapi?

Mkishajibu, mwacheni alale.