Jina Chini ya Picha ya Mtondooni

Mheshimiwa mgeni rasmi. Masheikh na wazee wetu. Bi Mize binti Hamadi, uliyetoka Pemba kuja kukaa nasi leo. Bi Nasriya bint Aflah na ndugu yako Bwana Safwan, wenye amana hii. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kamati imenitaka mimi, Bashayer bint Khalil, niyafungue maonyesho haya kwa maneno machache. Waliofanya kazi nami hapa Al Khuwair, Maskati, wanajua kwamba sipendi vikao virefu. Lakini leo nakuombeni subira, kwa sababu nyuma ya mlango huu ipo picha moja iliyokaribia kuigawa nyumba ya watu, na si haki muione kabla hamjajua imefikaje ukutani.

Picha zenyewe ni za zama za Malkia Victoria. Mwingereza mmoja alikuwa na kamera ya macho mawili, inayotoa picha mbili zinazokaribia kufanana, zikabandikwa ubavu kwa ubavu juu ya kadi moja. Ukiitazama kadi hiyo kwa macho matupu huoni ajabu yoyote. Ukiitia kwenye kitazamio, kile kidude cha mbao chenye vioo viwili mtakachokikuta juu ya meza, zile picha mbili zinakuwa moja. Mtu anajitenga na ukuta, mti unakuja mbele, nyumba inarudi nyuma, hata unatamani kunyoosha mkono uguse.

Bwana huyu alianza na kijiji chake mwenyewe. Mtamwona mjane mlangoni kwake na bakuli la njegere mapajani, fundi wa magurudumu na shoka lake, watoto wanatoka skuli viatu vimejaa tope. Kisha akasafiri, akafika Pemba, akapokewa na Sheikh Muatasim bin Salim, mwenye mashamba ya karafuu katika kijiji cha Mtondooni, na kule nako akapiga: wanawake wanachambua karafuu, majamvi yametandazwa uani, mzee anasuka ukili wa mkeka, watoto wamepakata mbao zao za chuo cha Kurani. Aliporudi kwao akampelekea mwenyeji wake sanduku zima kuwa zawadi, vijiji vyote viwili pamoja.

Sasa, tazameni jambo moja. Chini ya kila picha ya kijiji chake, Mwingereza aliandika majina ya watu. Chini ya picha za Mtondooni aliandika "wenyeji", basi. Ni Sheikh peke yake aliyetajwa kwa jina. Je, tumlaumu mgeni, aliyeandika alichoambiwa? Au tujiulize sisi, tuliokuwa tukiyajua majina na tusiyaseme?

Sanduku lile lililetwa Maskati na Bi Wadha bint Saeed, mjukuu wa Sheikh, familia zetu ziliporejea. Lilikaa nyumbani kwake Sib miaka mingi. Afya ilipoanza kumpungua alimkabidhi Bi Nasriya, binti wa kaka yake, mwalimu ambaye wengi humu amewasomesha, naye akatuletea sisi.

Katika kadi hizo iko moja ya Sheikh Muatasim amekaa kitini barazani. Kwa macho matupu unamwona mtoto wa kike, wa kama miaka sita, yuko nyuma kidogo, mithili ya aliyekuwa akipita, na mkono wa Sheikh unaonekana uko juu ya bakora. Hivyo ndivyo tulivyoisoma, na kibandiko tukakichapisha: "Sheikh Muatasim bin Salim na mtumishi."

Siku ya kuzipanga, Bi Nasriya akaitia kadi ile kwenye kitazamio. Nilikuwa nimekaa naye. Akatazama, kisha akanisogezea. "Bashayer, hebu utazame huo mkono."

Nikatazama. Mtoto hakuwa nyuma. Alikuwa mbele, baina ya magoti ya Sheikh, na mkono haukuwa juu ya bakora hata kidogo. Ulikuwa begani kwake. Zamani zile, ndugu zangu, kupigwa picha kulitaka kutulia tuli, na mtoto akitikisika anatoka ukungu mtupu. Huyu hakutikisika. Alikuwa ameegemea kama anavyoegemea mtoto aliye kwao.

"Mtumishi haegemei hivi," akasema Bi Nasriya.

Tukaenda Sib kwa Bi Wadha, na Bwana Safwan akatukuta huko huko. Bi Wadha akakishika kitazamio kwa mikono miwili, akatazama sana, akatabasamu. "Huyu Faida. Yaya wangu. Ndiye aliyenilea."

"Na mbona babu kamshika hivi, shangazi?" akauliza Bi Nasriya.

Lile tabasamu likamwondoka. Akaomba maji, akanywa, akasema, "Kwa sababu ni mwanawe."

Mama yake Faida alikuwa Tufaha, suria wa Sheikh, mtumwa ndani ya nyumba ile. Sheikh alipokuwa hai, mtoto alipakatwa na kila mtu akaona. Sheikh alipofariki, jamaa wakasema hapana ushahidi, na binti wa nyumba akapelekwa jikoni. Akaitwa Faida wa Tufaha mpaka mwisho wa uhai wake. Alimlea Saeed, mdogo wake kwa baba, kisha akawalea na watoto wa Saeed, nao wakimwita yaya. Saeed, alipokuwa anaumwa maradhi ya mauti na Faida yu hai bado, alimwambia Bi Wadha ukweli, na akamuapisha asiseme.

Bwana Safwan hakulipokea jambo hili. Nalisema mbele yake, kwa idhini yake, aliniambia, "Lisemwe lote, hata langu." Siku ile alisimama akasema, "Shangazi, wote wameshakufa. Tunawafukua marehemu kwa faida ya nani? Picha hii isitundikwe." Kesho yake akaja kwenye kamati kutuomba rasmi tuiondoe. Nanyi msimhukumu upesi. Mtu anapoambiwa kwamba babu wa baba yake ana binti aliyefichwa, na waliomficha ni haohao anaowaombea rehema kila Ijumaa, hukimbilia wapi?

Kamati ikagawanyika. Wapo waliosema itundikwe, wapo waliosema tuepushe fitina, na wapo waliotaka tuandike "na mtoto" tu, yaishe. Tukiwa katika mabishano hayo mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Wadha, Bi Nasriya kamshika mkono. Mgonjwa, hajatoka nyumbani tangu Idi. Hakukubali kukaa.

"Mwanangu Safwan," akasema, "n'nakupenda, na n'najua unalinda nini. Nisikilize. Nilipougua surua, mama alikuwa mja mzito, hakuweza kunikaribia. Faida alinilaza kifuani mpaka homa ikaondoka. Alipokufa nilikuwa msichana mkubwa. Nikawasikia wanaume uani wanatangaziana, 'Faida wa Tufaha kafariki.' Mie n'najua ni shangazi yangu, na nikanyamaza. Mtoto wa suria ni mtoto halali, sharia ilimpa jina la baba yake. Sisi ndio tuliomnyima. Sasa wewe unaniambia heshima ya babu. Heshima ipi? Yeye mwenyewe alimweka mwanawe magotini mbele ya kamera, mbele ya mgeni, asione haya. Aliyeona haya ni nani?"

Bwana Safwan aliinamisha kichwa, na baadaye akainuka, akamwendea shangazi yake, akambusu mkono. Kisha akamuuliza swali ambalo sote hatukulifikiria: "Kuna waliobaki katika kizazi chake?"

"Mie sijui," akasema Bi Wadha. "Nenda ukaulize."

Akaenda. Hakumtuma mtu, alipanda ndege mwenyewe, akafika Mtondooni, akauliza nyumba hadi nyumba, mpaka akaonyeshwa kwa Bi Mize, mjukuu wa Faida. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu angani. "Nimekuja kukuomba radhi, mimi na nyumba yetu nzima."

Bi Mize akamjibu, "Radhi aombwe mwenyewe, na mwenyewe keshalala. Lakini kaa kitako, ndugu yangu. Mtu haongei na kiu."

Bwana Safwan anasema neno lile "ndugu yangu" lilimsahaulisha maneno yote aliyoyapanga, chai ikapoa mbele yake. Alasiri Bi Mize alimpeleka kaburini. Wakasoma Fatiha, na Bwana Safwan akamtaja marehemu kwa sauti: Faida bint Muatasim. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa nyumba yao ya Maskati kulitamka jina hilo mahali pale.

Bi Wadha hakuidiriki siku hii. Alifariki mwezi wa Shaaban, Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini alipokea habari za kaburini kabla hajatutoka, na Bi Nasriya aliyekuwa naye anasema alilala vizuri usiku ule.

Nabakisha moja, nalo si langu, ni la Bi Mize, na amenipa ruhusa. Alipofika hapa juzi tulimkalisha, tukamwekea kadi ndani ya kitazamio. Alitazama, akalia. Kisha akasema: "Bibi alikuwa akitwambia, 'Baba yangu alikuwa akinipakata.' Tukimcheka. Tukidhani maneno ya uzee. Mwisho akaacha kusema."

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wageni waalikwa: kibandiko cha zamani tumekitoa. Leo kimeandikwa, "Sheikh Muatasim bin Salim na binti yake, Faida bint Muatasim." Kwa picha nyingine za Mtondooni, tumeacha nafasi tupu chini ya kila uso. Anayemjua mtu wake aje atutajie.

Nawashukuru wanakamati, namshukuru Bi Nasriya kwa jicho lake na Bwana Safwan kwa safari yake, nanyi nyote nakushukuruni kwa masikio na subira yenu. Bi Mize, dada yetu, mlango ni wako. Tufungulie.