Namna ya Kumjibu Ofisa wa Likizo

Benchi letu ni kiti cha nyuma cha taksi ya Quantum, kimeegemezwa ukuta wa saluni ya Masika, pale Yeoville, kwenye robot, taa za barabarani, ambayo haijawaka tangu uchaguzi wa madiwani. Wakati wa baridi tunakaa hapo asubuhi kwa sababu jua linaanza na ukuta ule kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote Johannesburg. Seif wa Tanga anatuuzia kahawa. Léonce, Mrundi, analinda geti la ghorofa moja Hillbrow usiku, ndiyo maana tunamwita Geti. Asubuhi badala ya kulala anakuja kubishana. Mimi wananiita Balozi. Jina hilo sikujipa, ila sikulikataa pia: nimesimama mbele ya maofisa wa wakimbizi wa nchi tano, na wote wananikumbuka mpaka leo. Basi mwaka 2018, mwezi wa sita, Victoire binti wa Masika, anayetuita mimi na Geti tonton, yaani mjomba, alikuja kukaa kati yetu, simu mkononi, anasubiri kupigiwa na watu wa viza. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa Soweto, kwa hiyo binti ana pasipoti ya hapa. Nchi aliyoomba siitaji, msije mkaniwahi kwenye foleni.

— Viza ya namna gani hiyo? aliuliza Geti.

— Ya likizo na kazi, tonton. Mwaka mmoja. Unatembea nchini kwao, pesa ikiisha unachuma zabibu, unatembea tena.

— Sasa hiyo ni likizo au ni kazi?

— Zote mbili.

— Yoo! Hao wamekuficha kitu.

— Hawajanificha. Ila nafasi ni chache, na ukikosa leo huruhusiwi kuomba tena.

Kwa mambo ya maofisa, hapo alikuwa amefika kwa mwenyewe. Niligeuza kreti la soda, nikakaa mbele yake, nikakunja uso kama wanavyoukunja.

— Jina tunalo, nikasema. Unakimbia nini?

— Sikimbii kitu.

— Umeshakosa! Geti aliruka mpaka kahawa ikamwagika. Huwezi kumwambia ofisa hukimbii kitu. Atakuuliza, sasa unakuja kufanya nini?

— Si ndilo swali lenyewe?

Masika alitoa kichwa mlangoni, kitana kinywani.

— Mwambie kuna watu wanakutafuta.

— Nani ananitafuta, Mama?

— Yule kijana wa kwaya.

— Yule anataka kunioa!

— Anakutafuta au hakutafuti?

Geti akamsogelea binti, akamkagua.

— Una kovu?

— La pasi ya nywele. Hapa shingoni.

— Linatosha. Lionyeshe, halafu usiseme neno. Tazama chini.

— Ni simu, tonton.

— Basi lia.

— Mwambie nyumba yenu imechomwa moto, alisema Seif akisuuza vikombe.

— Tunakaa ghorofa ya nne, kaka Seif.

— Ofisa ataijulia wapi?

Ilibidi niingilie, maana hawa walikuwa wanaharibu kazi. Nikampa hadithi niliyoitumia ofisi yangu ya tatu: namna nilivyovuka mto usiku juu ya mlango, mimi napiga makasia, mbuzi amekaa mbele ananionyesha njia. Ofisa aliandika yote, akaomba maji ya kunywa.

— Na mlango huo, nikaongeza, ni wa nyumba iliyochomwa. Hadithi inashikana.

Victoire alishusha pumzi.

— Eish. Sikilizeni. Hawa hawataki mtu anayekimbia. Wanataka mtu mwenye furaha, akae mwaka, kisha arudi.

Hata Seif aliacha kusuuza.

— Arudi? alisema Geti. Mimi miaka yote hii nawaeleza maofisa kwa nini siwezi kurudi.

— Na furaha wanaipimaje? aliuliza Masika.

— Wanauliza huwa unapumzika vipi. Hapo ndipo nimekwama. Hebu niambieni nyinyi: mtu akiwa likizo, akishaamka asubuhi, anafanya nini?

— Anafua, alisema Masika.

— Akishafua?

— Anapiga pasi.

— Mimi mwenzangu akienda likizo namshikia geti lake, alisema Geti.

— Sikukuu ndiyo kahawa inauzika, alisema Seif.

Wakanigeukia mimi.

— Nimeshakwenda Durban, nikasema. Siku tatu. Bahari naijua vizuri.

— Ulioga, tonton?

— Niliiona kupitia dirisha la ofisi. Foleni ilikuwa ndefu, ukitoka unapoteza nafasi.

Simu ikalia. Victoire aliiweka juu ya kreti, akabonyeza spika ili mama yake asikie. Sauti ya mwanamke, Kiingereza. Mimi Kiingereza nakipata chote, hata kinachosemwa puani. Aliuliza kazi, binti akasema anapaka kucha saluni kwa mama yake. Aliuliza tikiti ya kurudi, binti akasema ataikata. Halafu likaja lenyewe: kwa kawaida, ukienda likizo, unapenda kufanya nini?

Geti akaanza kumwonyesha shingo. Seif akajifuta machozi ambayo hayakuwepo. Mimi nikapiga makasia. Victoire alitutazama mmoja mmoja, kicheko kikamponyoka.

— Sijui, akasema. Sijawahi kwenda. Kwetu hakuna aliyewahi kwenda. Nimewauliza sasa hivi, hawajui.

Masika alikaa chini. Geti alishika kichwa. Katika ofisi zangu zote neno hilo la sijui halijawahi kunitoka. Ukisema hujui siku uliyovuka mpaka, wanaandika mwongo. Ukisema hujui jina la askari aliyekupiga, wanaandika mwongo. Huko ndani kila mtu anajua kila kitu.

 Kwenye simu vidole vikaanza kugonga kompyuta. Halafu yule mwanamke, kwa sauti ya mtu anayetabasamu, akasema alete pasipoti Jumatatu, ibandikwe viza.

— Jumatatu hii? aliuliza Masika.

— Hii, Mama.

Masika aliinuka, akarudi kwa mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa. Tulimsikia mteja akilalamika kwamba anavutwa sana.

— Sharp, tonton, asanteni, alisema Victoire, akamfuata mama yake ndani.

— Ndivyo nilivyomwandaa, nikamwambia Seif. Mtu ukimpa uongo mkubwa asiouweza, ukweli unamtoka wenyewe.

— Balozi, ulikuwa unapiga makasia.

Geti akanishika mkono. Alhamisi ile alikuwa na mahojiano yake, ofisi ya wakimbizi.

— Nifundishe na mimi lile neno.

Nikarudi kwenye kreti, nikakunja uso.

— Lori lililokuvusha mpaka lilikuwa la rangi gani?

Geti alikaa wima, mikono magotini.

— Sema sijui, nikamnong'oneza.

Alianza kusema si..., akaimeza.

— Nitakumbuka, mheshimiwa, akasema. Nipe dakika moja tu, nitakumbuka.