Karatasi Ndani ya Kifuniko

Kijiwe kiko hatua kumi kutoka kwenye pampu ya kisima: ubao juu ya matofali, birika la kahawa, turubai la rangi ya chungwa. Siku hiyo katikati ya ubao ilikaa chupa ndogo, na pembeni yake mama kijana, mtoto wa miezi mitano mgongoni, roho juu. Fundi wa maabara alitia maji ya kisima, akatia unga, yakatoka mapovu, akafunga kifuniko chenye kikaratasi cheupe ndani. Akasema ngoja dakika ishirini, usitikise, kisha linganisha na kadi hii. Rangi ikikolea, sumu ya aseniki ni nyingi. Huyoo, akaenda kisima cha pili.

— Sumu ningeshaijua, — akasema Dokta, fundi baiskeli. — Ulimi wangu maabara tosha.

— Ulimi gani? — akadakia Mahakama, kinyozi. — Juzi ulilamba grisi ukidhani asali!

— Niliitema!

— Baada ya vijiko viwili.

— Haina ladha, kaka zangu, — mama akasema. — Wala harufu. Fundi wa maabara kasema.

— Haina ladha, haina harufu, haionekani! — Mahakama akacheka. — Hiyo sumu au akili ya Dokta?

— Mimi nashuku ule unga, — Dokta akasema. — Kabla hajautia, maji yalikuwa mazima.

— Na bila kipimo cha mimba mkeo asingezaa, siyo?

— Jamani, dakika zimetimia! — mama akasema.

Akafungua kifuniko. Vichwa vikagongana.

— Njano hiyo.

— Nyekundu!

— Chungwa, — akasema muuza kahawa. — Ila hata pua ya Dokta naiona chungwa.

Mama akatazama juu. Turubai! Akachomoka hadi nje, kadi mkono huu, kikaratasi mkono huu. Kule kilikuwa kahawia, kahawia ya kutu, sawasawa na mstari wa mwisho: usinywe.

Akageuka, maneno yakamtoka mfululizo.

— Kuchemsha kunaiondoa? Maana maji ya maziwa yake nayachemsha mara mbili, kila siku, tangu azaliwe, nayachemsha mpaka yanapungua, ili yawe salama. Kunaiondoa?

Muuza kahawa akalitazama birika lake, lililochemka tangu asubuhi kwa maji ya kisima hicho hicho.

Mama hakungoja. Alishashika njia ya kisima cha pili, akimwita fundi kwa sauti yote, mtoto akirukaruka mgongoni. Nyuma yake akasikia birika zima likimwagwa chini, na hakuna aliyelalamika.